Kulipia Giza

Kuna mtu namfahamu aliyejisomea mtihani wa darasa la saba kwa koroboi. Masizi yalimjaa puani, akafaulu hivyo hivyo, akapata kazi, akajenga, akaomba umeme, akaambiwa nguzo iko mbali, akangoja, akalipa, akangoja tena, na jioni taa ilipowaka mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mtu huyo huyo nimemkuta juzi Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya umeme, anabishana bei ya kitu cha kurudisha giza sebuleni kwake. Na giza lenyewe ni ghali, linazidi swichi ya kawaida mara kadhaa.

Kitu hicho ni dima. Kwa asiyeijua, ni swichi ya ukutani ambayo badala ya kubonyezwa inazungushwa. Ukizungusha huku mwanga unapanda, ukirudisha kule unashuka, unashuka, mpaka unabaki wa kukuwezesha kuiona sahani lakini usijue kilichomo. Watu wa mapambo ya nyumba wanasema hapo ndipo chumba kinapata hisia. Mimi hisia nilikuwa nazo tangu nilipoletewa bili ya jipsamu.

Kwangu balaa hili liliingia kupitia arobaini ya mtoto. Mama Zuhura alialikwa Mbezi Beach, kwa rafiki yake waliyesoma pamoja. Aliporudi nikamuuliza mtoto kafanana na nani.

"Baba Zuhura, taa za wenzetu zinashuka."

Nikampa pole, nikauliza kama kuna aliyeumia.

Hapo ndipo nilipoelezwa habari ya dima, kwa kirefu, chakula kikipoa. Tena nielezwe mimi, mtu niliyekuwepo siku fundi wa jipsamu alipokuja kwetu Tabata, akakaa na Mama Zuhura wakipekua picha kwenye simu, wakakubaliana matundu kumi na mawili ya spoti laiti, mkanda wa LED kuzunguka dari lote, na katikati taa ya kuning'inia yenye vioo ambavyo mpaka leo hakuna anayejua vinafutwaje. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayelipa, zote hizo za nini. Nikaambiwa sina macho ya kisasa. Usiku zilipowashwa kwa pamoja mara ya kwanza, paka alitoka nje. Sasa macho ya kisasa yanauma, na tiba yake, naambiwa, haiwezi kuwa kuzima nusu ya taa. Tiba ni kununua kifaa cha kufanya taa zote ziwake nusu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huduma hii tulikuwa tunaipata bure. Vijana hawakumbuki, lakini enzi za balbu za wati 60 mtaa wetu mzima ulikuwa na dima moja, kule kwenye transfoma, na aliyekuwa akiizungusha hatukumjua. Ikifika magharibi, kila nyumba imewasha, jirani kachomeka jiko la koili, umeme unakuwa mdogo. Balbu inageuka nyekundu mpaka unaweza kuutazama ule waya wake wa ndani bila kufumba macho, ukaona jinsi ulivyojipinda. Baba mzazi alikuwa akigombeza. Kumbe tulikuwa tunakaa kwenye hisia na hatujijui.

Ile balbu ya waya, tuseme ukweli, ilikuwa mtiifu. Ukiipa umeme pungufu, waya unapoa kidogo, mwanga unapungua na kugeuka wa rangi ya machungwa. Haina maswali. Dima zote za mwanzo zilitengenezwa kwa ajili yake. Kabla hazijaingia majumbani zilikuwa kwenye kumbi za maigizo huko Ulaya na Marekani, na zilikuwa vituko: kuna zilizotumia pipa la maji ya chumvi na vipande vya chuma, mtu akivishusha na kuvipandisha majini ili jukwaa liingie machweo. Zikaja za koili, ambazo umeme usioutaka kwenye taa ziliugeuza joto, na joto hilo nalo ukalilipia. Mwaka 1959, New York, mwanafizikia aitwaye Joel Spira akaunda dima ya elektroniki ndogo ya kutosha kukaa kwenye kiboksi cha ukutani, na mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Lutron kuziuza. Kwa hiyo sebule ya Mbezi Beach ina deni New York.

Ujanja wa hizi za elektroniki ni kukata. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, maana yake unapanda na kushuka kwa mawimbi, na mara 100 kila sekunde unapita kwenye sifuri. Dima inanyofoa sehemu ya kila nusu ya wimbi, upesi kiasi kwamba jicho halipati habari. Ukitaka mwanga kidogo inanyofoa pakubwa. Sasa ukienda Feri kununua samaki, yule kijana mwenye kisu anakuuliza akate kichwa au mkia. Na dima ziko hivyo hivyo. Za zamani, zinazotumia kifaa kiitwacho triaki, zinakata kichwa: zinaacha wimbi lipande, halafu zinalifungulia ghafla likiwa juu. Za siku hizi zinakata mkia: zinaanza na wimbi taratibu kutoka sifuri, kisha zinaliachia kabla halijaisha. Balbu ya waya ilikula chochote ulichoiletea. LED haipendi kichwa. Ndani yake kuna kidubwasha kinachoitwa draiva, kazi yake kubadili umeme wa ukutani uwe ule mpole unaotakiwa na LED, na ukikipiga shoti ya ghafla mara 100 kwa sekunde kinaanza kulalamika. Ukiwa na LED, basi, unatafuta dima ya kukata mkia.

Je, muuzaji anakuuliza una taa gani? Muuzaji anakuuliza unataka nyeupe au ya dhahabu.

Manunuzi yetu yalifanywa na shemeji yangu, mdogo wake Mama Zuhura, kijana ambaye kila bidhaa anayoishika inageuka orijino. "Shem, hii ndiyo wanayofunga hotelini." Nikaigeuza nyuma. Nina kawaida ya kusoma maandishi madogo, ndiyo maana sina marafiki wengi. Palikuwa na namba mbili: wati 60 mpaka 400. Nikamwambia, shemeji, spoti laiti zetu ni kumi na mbili, za wati 3 kila moja, jumla 36. Hii dima inataka isipungue 60 ndipo ifanye kazi sawasawa. Akanicheka. Akasema 36 ni ndogo kuliko 400, kwa hiyo tuko salama sana.

Kila mtu anaogopa namba ya juu, hakuna anayeitazama ya chini, na kwa LED ile ya chini ndiyo inayoleta adha. Mzigo ukiwa mdogo mno, dima ya triaki haipati cha kushikilia. Inaachia, inashika, inaachia. Hata ile ya juu isikudanganye, maana 400 hiyo ilipimwa kwa balbu za waya. Kwa LED kikomo huwa chini sana, na dima nzuri huandika vikomo vyote viwili, cha balbu za waya na cha LED, kando kando. Yetu iliandika kimoja, kwa wino unaofutika kwa kidole.

Fundi akafunga. Mama Zuhura akaitwa azungushe kwa heshima. Akazungusha robo, hakuna kitu. Akazungusha mpaka nusu, hakuna kitu. Akasogeza kidogo tu, taa zote zikalipuka kwa nguvu zake zile zile za siku paka alipohama. Akarudisha nyuma taratibu: tatu zikashuka kistaarabu, tano zikabaki kama zilivyo, nne zikaanza kuchezacheza. Mtoto wa jirani aliyekuwa dirishani akaanza kucheza nazo.

Nikaomba boksi la balbu. Halikuwepo, lilishatupwa siku ya jipsamu, lakini moja lilipatikana stoo likiwa limewekewa misumari. Ubavuni, kwa herufi ambazo ungedhani ni kosa la mashine, pameandikwa "non-dimmable". Hapo hata umlete Spira mwenyewe. Balbu ya LED lazima iwe imetengenezwa kwa kupunguzwa mwanga, na kwenye boksi iandikwe "dimmable". Isiyo hivyo ukiilazimisha itachezacheza, au itanguruma, au itakufa mapema. Na zile tatu zilizoshuka? Bahati nasibu ya kiwandani. Siwezi kukueleza, na fundi alipoulizwa alisema ni "mambo ya umeme", maneno ambayo ndiyo niliyokuwa nimemlipa ayafafanue.

Chumbani ilifungwa ya pili, ndugu yake yule yule. Huko haikuchezacheza. Huko iliimba. Usiku wa kwanza nilishtuka nikimsikia Mama Zuhura anajipiga kofi. Kimya. Akajipiga tena, sikio la pili. Akawasha taa kubwa, akakagua neti kona zote, akakuta hakuna tundu wala mbu, akaipuliza dawa tukakohoa wote, akazima taa kubwa, akabakiza ile ya kichwani kaishusha kihotelihoteli, na mlio ukarudi: nnnnn, mwembamba, usiokaribia wala kwenda mbali. Mbu wa kweli ana ustaarabu wa kuja na kuondoka. Nikashuka kitandani, nikaweka sikio ukutani, nikaipata inaimba ndani ya kiboksi, na balbu nayo inaitikia kutoka kwenye holda. Ni kule kukatwa kichwa: umeme ukiruka ghafla, koili na vipande vya ndani vinatetemeka, vya dima na vya balbu. Mama Zuhura alisema ni afadhali mbu, mbu anapigwa akafa.

Kuna aina nyingine, ya kugusa, haina cha kuzungusha, ina kioo na kitaa kidogo cha bluu. Shemeji aliiweka chumba cha wageni, na mgeni wa kwanza alikuwa mama mkwe kutoka Tanga. Alizima taa, akalala. Baada ya muda taa ikakonyeza. Giza. Ikakonyeza tena. Mama mkwe ni mtu mzima, ameona mengi, lakini hajawahi kukonyezwa na taa aliyoizima mwenyewe. Tuliamka tukamsikia anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya mtu anayejua nani anamsikiliza. Asubuhi alinikalisha chini. "Mwanangu, hii nyumba ulinunua kiwanja kwa nani?"

Nilimweleza kwa adabu zote. Swichi hii, mama, haizimi kabisa. Ile ya kuzungusha kwa kawaida ina mlio wa tak mwishoni, hapo waya umekatika kweli. Hii ya kugusa ina elektroniki inayotaka kula hata ikiwa imepumzika, na kwa vile kwenye kiboksi chake hakuna waya wa nyutro, inakula kwa kupitishia umeme mdogo sana kwenye taa. Balbu ya waya isingeusikia. LED inaukusanya kidogo kidogo, ukijaa inawaka mara moja, inaishiwa, inaanza tena. Swichi zenye kitaa chekundu cha kuonesha ilipo gizani nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo. Kuna kikapasita cha kuunganishwa pale kwenye taa kinachonyonya umeme huo, fundi anayejua kazi anakijua. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atalala sebuleni.

Tukiwa hapo hapo, fundi alitaka kuifunga feni ya sebuleni kwenye dima. Hoja yake ilikuwa kwamba rigyuleta ya feni inazungushwa na dima inazungushwa. Nilimshusha kwenye ngazi. Feni ni mota. Ukiilisha kwa dima ya taa inanguruma, inapata joto, na siku moja inaungua, au dima inatangulia. Rigyuleta ya feni nayo usiipe taa. Niliuliza, kwa upole, kama ana leseni ya EWURA. Akanionesha testa.

Huyo huyo alikuwa na wazo la ukumbi. Taa ya ukumbi ina swichi mbili, moja mlangoni na moja karibu na vyumbani, unawashia huku unazimia kule. Yeye akaona dima mbili, kila mwisho yake. Dima mbili za kawaida kwenye njia moja zinagombana, haziwezi. Inawekwa dima upande mmoja, na upande wa pili swichi ya kawaida ya njia mbili. Nilimwambia. Akasema kwa mteja mwingine alifunga hivyo na ilifanya kazi "mpaka walipohama".

Kuhusu akiba ya umeme, maana hapo ndipo shemeji aliponing'ang'aniza: ni kweli, tofauti na zile za koili, dima ya kukata inaokoa umeme usioutumia. Lakini tupige hesabu. Wati 36, saa tano kila usiku, siku 30, ni uniti 5.4. Ukiziendesha kwa nusu mwezi mzima umeokoa 2.7. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa moja mfululizo imekula uniti nzima, na Mama Zuhura anapiga pasi mpaka foronya. Jicho nalo ni mdanganyifu, mwanga ukishuka mpaka robo ya kipimo linaona kama umepungua nusu tu, kwa hiyo unaweza kuokoa zaidi ya unavyodhani. Sawa. Lakini kwanza ulipe dima, ulipe balbu kumi na mbili mpya, ulipe fundi, umlipe fundi wa kumrekebisha fundi, halafu tukae tusubiri uniti zirudishe hizo hela. Zuhura atakuwa ameolewa.

Hatimaye sebule ilitengemaa. Alikuja fundi mwingine, mzee wa Ilala asiyependa maneno, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutoa balbu na kuisoma. Dima hakuigusa. Akaandika zinatakiwa balbu za aina gani, zote kumi na mbili za namna moja, maana ukichanganya kila moja itashuka kwa wakati wake. Ndipo akachagua dima ya kukata mkia, ya LED, inayokubali kuanzia wati chache. Alipoifunga, akatoa bisibisi nyembamba akazungusha kiskurubu kilichojificha chini ya kirungu. Ndicho kinachopanga mwanga wa chini kabisa, ili usishushe mpaka taa zikaanza kuchezacheza. Akazima meni swichi kabla ya kushika waya, jambo ambalo yule wa testa alilichukulia kama uoga. Akauliza kama kiboksi cha ukutani kina kina cha kutosha, maana dima ina tumbo kuliko swichi, na ikibanwa haipumui. Itapata joto kidogo, alisema, hilo ni kawaida. Ikiwa huwezi kuweka kiganja, nipigie. Ule mkanda wa dari aliukataa kabisa. Una draiva yake na rimoti yake, uacheni.

Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Mama Zuhura anaishusha tukitazama taarifa ya habari. Anaipandisha akitafuta sindano. Mimi naipandisha chakula kikija, kwa sababu nataka kujua nimewekewa nyama ngapi.

Lakini hata hivyo. Nilimuuliza yule mzee wakati anakusanya vifaa vyake: kama siku ya jipsamu tungezigawa zile taa, nne swichi yake, nane swichi yake, ingekuwaje? Akasema ingekuwa swichi mbili za kawaida na tungekaa kwenye mwanga tunaoutaka. Alisema bila kunitazama. Mama Zuhura alikuwa amesimama pale na chai.

Ningekuwa na mamlaka, kila anayejenga angelazimishwa kugawa taa zake kabla plasta haijapigwa. Dima ingebaki kwa wenye sababu: mama anayenyonyesha usiku, mzee anayeamka kwenda msalani na hataki kumulikwa, mtu wa sinema. Chooni ya nini? Jikoni, penye kisu, ya nini? Nimeiona dima kwenye ngazi za nyumba moja. Walikuwa na mgonjwa wa mguu.

Sasa Mbezi Beach wameenda mbele. Wanashusha taa kwa simu, wakiwa kitandani, wakiwa njiani, na wakitaka wanaziambia kwa mdomo. Mama Zuhura amekwishapiga simu Ilala kuulizia. Mzee kamjibu kwamba nyingi za aina hiyo zinataka waya wa nyutro pale pale kwenye kiboksi, na sisi kwenye viboksi vyetu hatuna hata mmoja, zilipitishwa nyaya za kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo itabidi kupasua ukuta kutoka darini mpaka chini. Ukuta wenyewe una rangi mpya. Nimesema ukuta wangu haupasuliwi. Shemeji amesema pasuo ni jembamba, shem, utalifunika kwa picha, na anaijua picha nzuri, orijino.